Kilichobaki baada ya mpunga: shajara ya jaribio la samadi, Punjab

24 Aprili

Ngano ya msimu uliopita imeshatoka shambani, yamebaki mabua mafupi na vumbi. Leo tumepiga kamba na kugawa majaruba 20, kila moja mita 8 kwa 5, na kesho vibarua wanaanza kuinua kingo. Mahali ni nje kidogo ya Ludhiana, jimbo la Punjab, India. Udongo ni tifutifu wenye mchanga mwingi, unaelekea alkali, na mboji yake ni haba kiasi kwamba ukikauka unageuka rangi ya majivu.

Kwa wanaofuatilia kutoka nyumbani Tanzania, ambako ngano iko Hanang na mpunga uko Mbarali na Kilombero: huku mazao hayo mawili yanalala kitanda kimoja. Mpunga unapandikizwa Juni na kuvunwa Oktoba, ngano inaingia Novemba na kutoka Aprili, shamba lile lile, mwaka baada ya mwaka. Kutoka Pakistani kupitia kaskazini mwa India na tambarare za Nepali hadi Bangladeshi, mzunguko huu unakadiriwa kushika hekta milioni 13.5 hivi. Swali la mradi wangu wa tasnifu ni hili: ukiweka samadi kwenye mpunga, ngano inayofuata inakuta nini?

Makundi ni matano, na nimeyapa majina ili nisichanganyikiwe. Tupu halipati kitu. Yurea linapata kipimo kamili kinachoshauriwa huku kwa mpunga, kilo 90 za yurea (mbolea ya dukani ya nitrojeni) kwa eka. Samadi linapata tani 12 kwa hekta za samadi ya ng'ombe na nyati. Sesbania linaoteshwa mbolea ya kijani, yaani mmea wa sesbania wa jamii ya kunde, kisha unafukiwa ukiwa mbichi. Kuku linapata tani 5 kwa hekta za mbolea ya kuku. Matatu haya ya mwisho yanaongezewa nusu ya yurea. Kila kundi lina majaruba manne, yametawanywa kwa kura. Mbolea za asili zinawekwa mara moja tu, kwenye mpunga. Ngano haitawekewa hata kiganja cha hizo.

29 Aprili

Sesbania imepandwa. Mbegu tulizilowesha usiku kucha, gramu 200 kwa jaruba, tukamwaga kwa mkono na kufungulia maji. Aina ya huku wanaiita dhaincha. Ina ndugu yake wa Afrika Magharibi, Sesbania rostrata, anayeota vinundu vinavyonasa nitrojeni ya hewani hadi kwenye shina. Huyu wetu anaviweka mizizini tu, lakini jua la Mei halimtishi.

6 Juni

Siku ya kupima samadi, na ndiyo kazi ambayo taarifa nyingi zinaipitia kwa sentensi moja. "Tani 12 kwa hekta" inasikika vizuri kwenye karatasi. Shambani ni kilo 48 kwa jaruba, na swali la kwanza ni: kilo 48 za nini? Lundo lililoletwa lilikuwa kavu juu, chapachapa katikati, na chini lilikuwa limechanganyika na udongo wa zizini. Ukichota juu unaweka mbolea nyingi, ukichota chini unaweka mchanga. Tumelipindua lundo lote kwa koleo mara kadhaa, ndipo nikachukua sampuli kutoka pande zote na kuzipeleka tanurini. Karibu nusu ya uzito ni maji. Kwa samadi ya kawaida ya huku, yenye nitrojeni kama asilimia 1 ya uzito mkavu, hapo shamba linapata kilo 60 hivi za nitrojeni kwa hekta, na nyingi yake imefungwa ndani ya mboji. Haitatoka msimu huu. Ndiyo maana niko hapa.

Mbolea ya kuku ni ya moto zaidi kwa kila namna: nitrojeni nyingi, fosforasi nyingi, na harufu iliyonifuata hadi bwenini.

Jioni nilimtumia mjomba picha. Yeye analima Mbarali. Alinijibu kwa sauti: "Mpwa wangu, hiyo samadi unayoisifia nani ataisomba? Ng'ombe wangu analala Rujewa, jaruba liko Ubaruku." Nikamwambia, shikamoo mjomba, hata huku si bure. Kinyesi kina soko jingine: kinamama wanakikanda kiwe mikate ya duara, wanakianika, na ndicho kinachochemshia maziwa. Samadi inayofika shambani ni ile iliyosalimika na jiko. Kwa hiyo kama itabidi kuisomba, inafaa tujue kama inalipa mara moja au mara mbili.

17 Juni

Sesbania imenipita kiuno. Kabla ya kuifukia niling'oa mche mmoja, nikaosha mizizi na kupasua vinundu kwa ukucha. Ndani ni vyekundu kama nyama mbichi. Vikiwa hivyo viko kazini, vikiwa vya kijani au kahawia vimeshachoka. Vyetu karibu vyote vilikuwa vyekundu.

Tumeikatakata kwa panga, tumeifukia, tumefungulia maji, na siku ile ile tukaanza kuvuruga tope. Kila jaruba tumelivuruga peke yake, tukasafisha pawatila (trekta dogo la kuongozwa kwa mkono) kabla ya kuingia jingine, na ndani ya kila kingo tumezika karatasi ya nailoni. Mzee anayesimamia shamba, tunayemwita Baba ji kama wote wanavyomwita, aliona nailoni ile akacheka sana. Lakini ndiye aliyegundua kingo moja inavuja kabla hatujapandikiza. Maji yakivuka, nitrojeni ya Kuku inakwenda kulisha Tupu, na mwaka mzima unakuwa hadithi.

Kupandikiza mapema mno hakuruhusiwi. Tangu 2009 Punjab ina sheria inayozuia kupandikiza mpunga kabla ya tarehe iliyopangwa (ilianza na 10 Juni), kwa sababu visima vinashuka kila mwaka na mpunga wa Mei unanyweshwa kwenye jua kali kuliko lote.

20 Julai

Kwa macho: Sesbania ndiyo ya kijani kuliko zote, Yurea yuko naye bega kwa bega, Kuku anafuata, Samadi kapauka kidogo. Tupu haihitaji maelezo. Ukikanyaga jaruba la Sesbania mapovu yanapanda kwenye nyayo. Ni majani mabichi yanayooza bila hewa, na sehemu ya mapovu hayo ni methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Samadi iliyokwisha kuoza inatoa kidogo zaidi. Anayeisifia mbolea ya kijani aseme na hilo.

Zinki tumewapa wote sawa. Huku hakuna anayecheza na zinki tangu mtafiti Y. L. Nene wa Pantnagar alipoonyesha mwaka 1966 kwamba ugonjwa wa khaira, ule unaotia majani ya mpunga kutu, ni upungufu wa zinki tu.

14 Oktoba

Mpunga umevunwa. Mpangilio ni ule ule wa Julai: Sesbania na Yurea hawaachani kwa kipimo chochote cha maana, Kuku yuko karibu, Samadi nyuma yao, Tupu mbali. Kama mradi ungeishia hapa, ningeandika kwamba mbolea ya kijani ndiyo bora na ningeaga. Taarifa nyingi za mbolea zinaishia hapa hapa.

Mabua yote nimeyatoa shambani ili yasiniharibie hesabu. Majirani wanayachoma. Ni kero, lakini ukiangalia kalenda unawaelewa: kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano kuna wiki chache tu, na mabua hayo, yenye kaboni nyingi na nitrojeni kidogo, ukiyafukia siku mbili kabla ya kupanda yananyang'anya ngano changa nitrojeni. Mashine ya Happy Seeder inapanda ngano juu ya mabua bila kuyachoma, lakini si kila mtu anayo. Moto unapeleka hewani karibu nitrojeni yote ya mabua na kama robo ya fosforasi. Nimevaa barakoa hata nikiwa maabara.

30 Oktoba

Kuchukua udongo. Pete za chuma zinapigwa nyundo, zinatolewa zikiwa zimejaa, kisha udongo unakaushwa kwa nyuzi 105 na kupimwa, tujue umegandamana kiasi gani. Tabaka la juu linakubali. Ukifika sentimita 15 hivi nyundo inabadilisha sauti. Hapo ndipo palipogandamana kwa miaka mingi ya kuvuruga tope: mpunga unapapenda kwa sababu panazuia maji yasizame, ngano inapachukia kwa sababu mizizi inapinda na kutambaa kama imegonga sakafu. Nimechimba ukuta mdogo kando ya jaribio na mizizi ya ngano ya mwaka jana bado inaonekana, mingi imelala kifudifudi.

Msimu mmoja wa samadi haukuondoa tabaka hilo, na sikutarajia. Tofauti iko juu yake: udongo wa Samadi unamong'onyoka kwa vidole, wa Yurea unavunjika vipande kama tofali lililoiva vibaya.

8 Novemba

Maabara, kupima kaboni kwa njia ya Walkley na Black ya 1934. Udongo unachemka na daikromati na asidi kali, kisha unadondosha chumvi ya chuma tone kwa tone. Kwa muda mrefu hakuna kitu, rangi ni ya giza, zambarau karibu na nyeusi, halafu tone moja tu na chupa yote inakuwa kijani cha kung'aa. Ukizidisha tone hilo umepoteza sampuli. Nimejifunza kushusha pumzi nikiona zambarau inaanza kupauka.

Kaboni imepanda kidogo kwenye Samadi. Kwenye Sesbania hakuna cha kuonyesha. Majani mabichi yenye maji mengi, kwenye joto la Juni na Julai, wadudu wasioonekana wameyala wakayamaliza. Nitrojeni yake ilitoka haraka, mpunga ukaichukua, nyingine ikapotea, na hakuna kilichohifadhiwa kwa mgeni wa Novemba. Hili si geni: machapisho ya Punjab, hasa ya Yadvinder-Singh na Bijay-Singh, yamekuwa yakisema kwa miaka kwamba mbolea ya kijani haiachii ngano kitu cha kutegemea.

13 Novemba

Ngano imepandwa. Hapa ndipo mradi wenyewe unapoanza, kwa hiyo nieleze kwa kituo.

Kila jaruba nimeligawa vipande vinne vya mita za mraba 10. Kimoja hakipati nitrojeni, cha pili kinapata nusu, cha tatu kinapata kipimo kamili, ambacho kwa huku ni kilo 110 za yurea kwa eka, yaani gramu 272 kwa kipande. Kwa njia hii naweza kuuliza: ngano iliyosimama juu ya masalio ya samadi bila yurea inalingana na ngano ya kundi la Yurea iliyopewa kiasi gani? Jibu linatoka kwa kilo za yurea, lugha ambayo mkulima na mwenye duka wote wanaielewa.

Kipande cha nne kinapata nitrojeni kamili lakini hakipati fosforasi. Msimamizi wangu wa tasnifu alisisitiza, na sababu yake ni nzuri. Jaruba likiwa na maji, chuma cha udongoni kinabadilika na kuachia fosforasi ambayo kilikuwa kimeishika, ndiyo maana mpunga wa huku mara nyingi hauwekewi mbolea ya fosforasi kabisa na unaishi kwa iliyobaki ya ngano. Maji yakitoka na hewa kuingia, mlango unafungwa. Ngano inafika wakati fosforasi imekamatwa tena, na baridi imeanza. Fosforasi iliyomo kwenye samadi na kinyesi cha kuku inaweza kuwa njia ya kukwepa mtego huo.

Vipande vingine vyote nimevipa superfosfeti (mbolea ya fosforasi isiyo na nitrojeni) badala ya DAP, kwa kuwa DAP ina nitrojeni asilimia 18 na ingenivurugia hesabu. Muuzaji mmoja alijaribu kunipa DAP akisema ni kitu kile kile. Si kitu kile kile.

Kulima tumetumia jembe la mkono. Trekta lingeburura udongo wa jaruba moja hadi jingine na nailoni yetu ingekuwa kazi bure.

7 Desemba

Maji ya kwanza. Yurea ya awamu ya kwanza imewekwa.

11 Januari

Ukungu. Jua halijaonekana siku kadhaa, usiku ni nyuzi 5 hivi, na sisi watu wa nchi za joto tunatambuana chuoni kwa idadi ya masweta. Kwenye vipande visivyo na nitrojeni siwezi kutofautisha Samadi na Yurea. Vyote vya manjano, vyote vifupi. Msimamizi alipita, akatazama, akasema subiri Februari.

Kilichoonekana ni kingine. Katika majani ya katikati ya ngano, kwenye baadhi ya majaruba ya Tupu na Yurea, kuna michirizi ya kijivu kati ya mishipa, zaidi sehemu ya jani iliyo karibu na shina. Ni upungufu wa manganizi, madini ambayo mmea unayahitaji kidogo tu. Udongo wa kichanga ukikaa na maji msimu mzima wa mpunga, manganizi inayeyuka na kuzama chini, ngano ikija haiikuti. Dawa ya huku ni kunyunyiza salfeti ya manganizi ya asilimia 0.5, na tumenyunyiza kote kwa usawa. Lakini kabla ya kunyunyiza nimehesabu mimea yenye dalili, na Samadi ina michache sana. Hilo halikuwa kwenye pendekezo la mradi, limeingia sasa.

27 Februari

Msimamizi alikuwa sahihi. Joto limerudi, na vipande vya Samadi visivyo na yurea vimebadilika rangi ndani ya wiki mbili hivi. Majani ya bendera, yale ya mwisho juu kabisa karibu na suke, ni mapana, ya kijani iliyokolea. Sesbania na Tupu, kwa vipande hivyo hivyo, ni pacha.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima, maana ndilo naona lina uzito kuliko takwimu zote. Samadi haikuwa imelala kwa uvivu. Viumbe vinavyoivunja vinataka joto. Novemba kuna joto kidogo, Desemba na Januari vinazubaa, Februari vinaamka. Lakini ngano inaamua idadi ya machipukizi yake Desemba na Januari, wakati wa njaa. Nitrojeni ya samadi inafika watoto wakiwa wameshahesabiwa: inaweza kuwanenepesha, haiwezi kuwaongeza.

Kwa hiyo ushauri wa kawaida, "ukiweka samadi kwenye mpunga, punguza yurea ya ngano", nauona una pengo. Upunguze ipi? Ninavyoona, usiguse ile ya mwanzo. Punguza ya awamu ya pili, kwa sababu ndiyo inayokutana na samadi iliyoamka.

19 Machi

Upepo na mvua usiku. Kuku yenye yurea kamili imelala chini yote. Nitrojeni ilizidi, shina likawa laini. Majirani zake wamesimama. Nimepiga picha na kuandika asilimia ya kilicholala kabla hakijajaribu kujiinua.

18 Aprili

Tumevuna kwa mundu, tumepura, tumepima. Takwimu kamili zitakaa kwenye tasnifu baada ya uchambuzi, ila mwelekeo uko wazi.

Kwenye vipande vya ngano visivyo na yurea, kundi la Samadi limelizidi kundi la Yurea kwa tofauti inayozidi makosa ya jaribio. Majaribio ya Ludhiana ya miaka ya 1980 yalikuta tani 12 za samadi kwenye mpunga zinaiachia ngano nguvu ya kilo 30 hivi za nitrojeni na 13 za fosforasi kwa hekta. Kilo 30 za nitrojeni ni yurea kilo 65, mfuko mmoja na nusu wa ile mifuko ya kilo 45 ya huku. Mimi nimeangukia jirani na hapo, upande wa chini. Masuke ya Samadi si mengi kuliko ya Yurea, ila punje ni nzito zaidi, kama Februari ilivyodokeza.

Kwenye kipande kisicho na fosforasi mshindi ni Kuku, bila ubishi, Samadi akiwa wa pili. Hapa ndipo masalio yanapoonekana kwa macho makavu: Tupu, Yurea na Sesbania zimekosa fosforasi na zimeonyesha hivyo, Kuku haikujali. Nikilazimika kusema masalio ya mbolea ya kuku ni nini, nitasema ni fosforasi kwanza na nitrojeni baadaye.

Sesbania imelingana na Yurea kwenye vipande vyote. Haikuacha deni, haikuacha akiba.

Ukijumlisha mavuno mawili, pengo lililoonekana Oktoba kati ya Samadi na Sesbania limepungua sana. Halijafutika. Wanaotaka kusikia kwamba samadi inashinda watanisamehe: kwa mwaka mmoja, kwa kiwango hiki, bado sesbania inamwingizia mkulima zaidi kwenye mpunga kuliko samadi inavyomrudishia kwenye ngano. Ila mbegu ya sesbania inataka maji Mei, mwezi ambao Punjab ina sababu zote za kuyaacha chini, na gharama hiyo haimo kwenye hesabu yangu ya mavuno.

Mjomba ameuliza matokeo. Nimemwambia kule kwake hakuna baridi ya Januari, kwa hiyo akipanda dengu au mahindi baada ya mpunga, samadi haitalala, itaanza kazi unyevu ukiwepo. Kajibu: "Basi niletee na gari la kuisombea."

5 Mei

Tumekubaliana na msimamizi kuhusu mwaka wa pili. Majaruba mawili ya Samadi yataendelea kuwekewa, mawili yataachishwa, na Kuku vivyo hivyo. Mwaka mmoja hauwezi kusema masalio yanadumu kiasi gani. Mfano anaoupenda ni Hoosfield, shamba la shayiri la Rothamsted, Uingereza: kipande kimoja kiliwekewa samadi kila mwaka kuanzia 1852 hadi 1871, kikaachishwa, na zaidi ya miaka 100 baadaye udongo wake bado ulikuwa na mboji kuliko wa jirani asiyewahi kuwekewa. Ile ni nchi ya baridi na zilikuwa tani nyingi kwa miaka 20, kwa hiyo sitegemei muujiza huo kwenye joto la Punjab.

Yurea ya ngano nayo inabadilishwa: kipande cha nusu kitagawanywa tena, upande mmoja upate nusu hiyo yote mwanzoni, mwingine igawiwe mara mbili. Hapo wazo la Februari litapata jibu lake, liwe la kunipa haki au la kuninyima. Mbegu za sesbania ziko ndani ya ndoo, maji yanafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi umeme ukiwepo.